Kreti Hurudi

Jumatatu, Juni 2

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya mtu mmoja. Humu hamtaingia maombi wala mawazo mazuri. Nitaandika alichofanya, siku aliyofanya na nani aliona, mpaka siku nitakapolifungua mbele ya watu nikalisoma kwa sauti.

Mtu huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja. Watu wanamwita Breki, kwa sababu hana. Anaendesha lori la ushirika wetu wa wakulima wa nyanya. Mwaka jana, mwisho wa msimu, lori lake lilifika mjini nyanya zikiwa uji. Masanduku ya chini yote yalikuwa yamepondeka, maji mekundu yakichuruzika mpaka kwenye matairi. Aliporudi tuliitwa sote wawili. Mimi nilikuwa mkuu wa ufungashaji, mwaka wa kumi na moja. Akaapa mbele ya wanachama kwamba nilijaza masanduku mpaka yakafanya kilemba, kwamba alinionya nikamjibu ovyo. Hakunionya. Nilipanga kama nilivyopanga siku zote. Lakini ningeonyesha nini? Sanduku la mbao likifika mjini halirudi. Linapasuliwa, linakuwa kuni. Ushahidi wangu uliungua chini ya masufuria ya watu.

Meneja akanivua kazi pale pale. "Nenda nyumbani, mama," akasema, "ukapumzike." Nina miaka arobaini na miwili.

Leo nimerudi, ila si kwenye meza yangu. Mnunuzi wetu mpya hataki masanduku ya mbao. Ameleta kreti za plastiki, za kijani, zinazokwenda na nyanya na kurudi tupu, na kila inayorudi lazima ioshwe. Hakuna aliyetaka kushika brashi. Nimeitaka mimi. Kutoka kwenye birika la kuoshea, lori linaonekana likiingia na likitoka.

Alhamisi, Juni 5

Meza yangu amepewa binti mmoja anayevaa miwani mikubwa, basi anaitwa Miwani. Ana kalamu sikioni na karatasi mkononi, anaandika namba ya kila kreti na safu ilimokaa ndani ya lori, maana mnunuzi anataka kujua. Ameniamkia kwa heshima. Nimeitikia kwa nusu mdomo. Simtaki.

Jua kali.

Jumatatu, Juni 9

Kreti mia tatu. Vidole vimevimba. Jua.

Jumamosi, Juni 14

Dada na Breki walikuja kumsalimu Mama. Naishi na Mama, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Breki alikaa kwenye kiti kile kizuri bila kukaribishwa, akanyoosha miguu.

"Shemeji, nasikia siku hizi unaogesha plastiki."

"Naogesha."

"Usizikune sana mgongoni, zitazoea."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Mama anampenda huyu mtu kuliko alivyonipenda mimi nilipokuwa mchanga. "Mkwe wangu ana maneno!" akasema. Dada hakucheka. Alikuwa anaangalia kucha zake. Nikadhani ananionea huruma, nikamchukia kidogo kwa hilo pia.

Subira huvuta heri, wanasema. Mimi navuta kingine.

Jumanne, Juni 17

Leo lazima niandike jambo lililoniuma kuliko yote tangu nirudi.

Wakulima walipoziona kreti mwanzoni walinung'unika. Ndogo, walisema; wanawake wa mjini watatucheka. Kumbe udogo wake ndio dawa. Kreti haikubali kilemba: ukijaza kupita ukingo, ya juu yake haikai. Na ikikaa, inakaa juu ya kuta za mwenzake, si juu ya nyanya. Unaweza kupanga safu nane na nyanya ya chini kabisa isijue kama kuna mtu juu yake. Hakuna msumari wala kibanzi cha mbao, na matundu yake yanapitisha hewa. Safari tano sasa, na mnunuzi ameandika barua kwamba hajatupa hata ndoo moja. Mkulima mmoja mzee, aliyekuwa akipoteza robo ya mavuno yake kila msimu, ameisoma barua hiyo mara mbili na kukaa chini.

Meneja aliisoma kwa sauti bandani. Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nataka kupiga. Ndipo Breki akasema, akiwa ameegemea lori lake:

"Si niliwaambia? Mwaka jana barabara ilikuwa hii hii, dereva huyu huyu. Kilichobadilika ni mpangaji."

Watu wakageuka kuniangalia. Nilikuwa na brashi mkononi na maji yananitiririka mpaka viwikoni. Nikaendelea kusugua. Kreti ile niliisugua mpaka namba ikaanza kufifia.

Jumatatu, Juni 23

Nimepata kitu.

Kreti saba kati ya zilizorudi leo zina ukoko wa kijivu pembeni na kwenye matundu. Nilidhani matope. Matope yanalainika kwa maji, huu haukulainika. Nikachukua kisu. Ulipobanduka, ndani yake kulikuwa na mbegu ya nyanya, na kipande cha ganda jekundu kimeshikwa kama mdudu ndani ya ulimbo.

Saruji.

Nikakaa juu ya kreti, nikafikiri polepole, maana sikutaka furaha inikimbize. Vumbi la saruji likiangukia kreti tupu, linapeperuka au linaoshwa. Ili ligande hivi, lazima lilikuta majimaji. Lilikuta nyanya ndani. Kwa hiyo wakati wa kwenda, si wa kurudi, mtu aliweka mifuko ya saruji juu ya mzigo wetu.

Nimebandua vipande vitatu, nimevifunga kwenye kitambaa. Kreti hizo nimeziandika namba: 114, 118, 203, 207, 210, 351, 352.

Jumamosi, Juni 28

Nimemwomba Miwani karatasi zake za safari ile. Nilitegemea aniulize za nini. Alinipa tu, akasema, "Shangazi, kama kuna namba nimekosea niambie, nami nijifunze." Nikazichukua mpaka birikani.

Saba zote zilikuwa safu ya juu kabisa. Hakuna hata moja ya chini.

Njiani, kwenye njia panda, kuna ghala la saruji. Na nje kidogo ya mji watu wanajenga. Sasa naona mwaka jana kama vile nilikuwa ndani ya lori: masanduku yangu ya mbao, mifuko ya saruji juu yake, mbao zikipinda, misumari ikitoka, nyanya zikilia. Halafu akasimama mbele ya watu, akaweka mkono kifuani, akaapa.

Jumanne, Julai 1

Vipande tisa vya saruji sasa. Namba ishirini na sita.

Lakini hiki ndicho kichekesho kinachoninyima usingizi: mnunuzi hajalalamika. Saruji inakaa juu, kreti zinabeba, nyanya zinafika nzima. Nikienda kwa Meneja leo atasema, "Hasara iko wapi?" Breki atapewa onyo la mdomo, atanunua soda, mambo yataisha. Kitu bora kuliko vyote vilivyowahi kuingia bandani mwetu ndicho kinachomfunika adui yangu.

Nimejikuta nikiomba kreti moja ipasuke. Mimi, niliyemlisha Mama kwa nyanya hizi miaka kumi na moja.

Wingu asubuhi. Halikunyesha.

Ijumaa, Julai 4

Dada alinipitia kazini. Alisimama kando ya birika, akaokota brashi ya pili, akasugua kreti mbili tatu bila kusema kitu. Nilitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno.

"Mdogo wangu," akasema, "bado una hasira na mume wangu?"

"Hasira ya nini? Mimi naogesha plastiki."

Akaweka brashi chini taratibu, akaenda zake. Kama angeuliza mara ya pili ningesema.

Jumatatu, Julai 7

Wingu. Halikunyesha. Kreti mia nne.

Alhamisi, Julai 10

Ninaandika haya nikijua kwamba daftari hili linaweza kunifunga mimi.

Lori lilirudi saa nne asubuhi. Nikashusha kreti kama kawaida. Rundo la mwisho, karibu na mlango wa nyuma, lilinipiga puani kabla sijaligusa. Kila aliyewahi kulima anaijua harufu ile: dawa ya viwavi, ile kali, inayokaa kooni mpaka kesho yake. Macho yakaanza kuchuruzika. Kreti kumi na nane zilikuwa zimeloa mafuta mafuta ya njano. Ndani ya moja nikakuta shingo ya chupa iliyovunjika na kipande cha lebo chenye fuvu jekundu. Alikuwa amewabebea wenye maduka ya pembejeo dawa zao ndani ya kreti zetu, na chupa zikavunjika njiani.

Breki alipita akijipangusa mafuta mikononi. "Hizo za mwisho zina harufu kidogo, shemeji. Zipige sabuni mara mbili." Akapiga mluzi, akaenda.

Zipige sabuni mara mbili.

Kanuni ninaijua: kreti iliyoguswa na sumu haioshwi, inatengwa, inaripotiwa. Na nikiiripoti? Atasema ni chupa ya mkulima, atasema hakujua. Onyo la mdomo, soda.

Kesho mzigo wote unakwenda shule ya bweni. Nilisimama pale, shetani hakuhitaji hata kunisukuma. Niliwaza: zikienda hivi hivi, watoto wakaumwa tumbo, mnunuzi atauliza kreti namba ngapi. Namba zitasema safari. Safari itasema dereva. Safari hii asingeweza kuapa. Angefungwa. Niliwaza "wakaumwa tumbo" kama mtu anayewaza "mvua ikinyesha". Sikuwapa nyuso.

Nikazisuuza kwa maji matupu mpaka harufu ikapungua. Nikazipanga pamoja na safi.

Nimezipanga kwa mikono yangu hii. Lebo nimeibandika hapa chini kwa gundi, ili siku ya kesi iwepo.

Mama ameniuliza kwa nini sili.

Ijumaa, Julai 11

Nilifika bandani saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wote. Nikaenda kwenye birika, nikaanza kusugua kreti iliyokwisha oshwa. Wafungashaji wakaja, nyanya zikaanza kumwagwa mezani, kreti zikawa zinachukuliwa moja moja. Zangu kumi na nane zilikuwa katikati ya safu ya tatu. Nilizihesabu kwa jicho zikikaribia meza. Kumi mbele yake. Sita. Mbili.

Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya bati, banda lote jeusi kama usiku.

Wakajaza ya kwanza. Namba 88. Miwani akaja kuikagua kama anavyokagua zote. Ana tabia moja: kila baada ya kreti kadhaa huchukua nyanya moja, huifuta kwenye aproni na kuing'ata. Anasema anayetuma chakula asichokila ni mwizi. Akaichukua. Akaifuta. Akafungua mdomo.

Sijui nilivukaje lile banda. Wananiambia niliruka juu ya meza. Ninachokumbuka ni mkono wangu umepiga wake, nyanya ikapasuka ukutani, miwani yake ikaanguka sakafuni.

"Usile! Usile! Temea chini!"

"Sijaila, shangazi. Sijaila." Alinishika mabega. "Kuna nini?"

Nikapindua ile kreti, nyanya zikatawanyika. Nikaenda kwenye safu, nikawa navuta kreti moja moja na kuzitupa nje uani, 88, 91, 140, nikipiga kelele namba zake kama mwenda wazimu. Meneja akatoka ofisini. Breki akashuka kwenye lori.

"Shemeji amechanganyikiwa," akasema. "Mshikeni."

"Nusa!" nikamwambia Meneja. "Ingiza pua humo unuse!"

Akanusa. Akarudisha kichwa kama aliyepigwa kofi. Nikamwagia kila kitu hapo hapo: dawa, shingo ya chupa, saruji ndani ya kitambaa, namba ishirini na sita, karatasi za Miwani. Miwani akaokota miwani yake, kioo kimoja kimepasuka, akasoma karatasi zake kwa jicho moja, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Zote safu ya juu."

Watu walikuwa wametuzunguka. Breki aliangalia huku na huku, na nikaona uso wake unatafuta mlango. Akaupata.

"Haya. Nilibeba," akasema. "Lakini nami niulize swali moja tu. Nani anaosha kreti hapa? Nilimwachia jana asubuhi. Kwa nini leo zilikuwa zimepangwa na safi?"

Hapo ndipo mvua ilipoanza. Mvua ya kwanza tangu msimu uanze, ikapiga bati kwa nguvu mpaka ilibidi nipaze sauti ili nijibu. Ningeweza kusema sikuinusa, nina mafua. Uongo ulikuwepo, umeiva, nilihitaji kuuchuma tu. Lakini nilimtazama yule mtu na nikajua kwamba nikiapa uongo mbele ya watu hawa, nitakuwa nimesimama palepale aliposimama yeye.

"Nilizipanga mimi," nikasema. "Nilitaka ziende. Nilitaka ufungwe."

Mwanamke mmoja, mfungashaji, ana watoto wawili shuleni pale. Alinitazama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, Julai 12

Nimesimamishwa kazi. Kreti kumi na nane zimekatwa kwa msumeno. Breki amenyang'anywa ufunguo. Mvua.

Jumatano, Julai 16

Mvua. Mama hasemi nami. Anaongea na ukuta: "Mkwe wangu amekula nini leo, maskini?" Ukuta haujibu, na mimi sijibu.

Nimejiuliza kama najuta. Kuhusu Breki, hapana. Nimejichunguza kila pembe, hapana. Nilimwona juzi akitembea kwa miguu kwenye matope, suruali imekunjwa, na nilisikia raha tamu kama maji ya mtungini. Kuhusu yule mama wa watoto wawili, nimekwenda kwake. Hakufungua mlango. Nitakwenda tena.

Jumamosi, Julai 26

Mkutano wa wanachama. Niliitwa. Meneja alisimama, akasema mwaka jana nilihukumiwa bila ushahidi, na kwamba kosa halikuwa langu. Alisema haraka haraka, kama mtu anayemeza kidonge.

"Sijasikia," nikasema.

Akarudia.

"Na wa nyuma hawajasikia."

Akarudia mara ya tatu, jasho likimtoka, na nilihesabu kila neno. Wengine walicheka. Mimi sikucheka.

Kisha wakajadili kama nirudi. Wengi walisema nisirudi, na walikuwa na haki. Aliyesimama kunitetea ni Miwani, na kile kioo chake kilichopasuka.

"Alifanya vibaya siku moja," akasema. "Siku hiyo hiyo akajisema mwenyewe. Sisi wengine saruji ilipita mbele ya macho yetu msimu mzima hatukuiona. Kreti zinataka mtu anayezisoma. Mimi naandika namba tu."

Kura zikapigwa. Nimepita kwa kura nne. Kuanzia Jumatatu mimi ni msimamizi wa kreti zote, kutoka na kuingia, na hakuna dereva atakayeondoka hapa kabla sijanusa. Binti niliyemnunia miezi miwili ndiye aliyeniinua. Nilimwambia ahsante. Ilitoka kama jiwe, lakini ilitoka.

Jumatatu, Julai 28

Mwanamke wa watoto wawili amenipa mkono. Hakuniangalia.

Jumapili, Agosti 3

Dada alikuja mchana, mvua ikiwa imekatika. Mama alikuwa amelala. Breki ameondoka, amekwenda kutafuta lori mji mwingine, na hajatuma hata salamu. Dada alikataa kukaa.

"Nimekuja kukwambia kitu, halafu unifukuze."

"Sema."

"Saruji ya mwaka jana. Ilikuwa yetu."

Sikuelewa. Akasema tena, polepole. Wana kiwanja nje ya mji. Walikuwa wanajenga kimya kimya, wasituambie mpaka iishe, iwe furaha ya ghafla. Siku ile alikuwa yeye mwenyewe, dada yangu, anasubiri kwenye kiwanja. Alisaidia kushusha mifuko. Aliona masanduku yangu yamelala, aliona maji mekundu yakidondoka.

"Nilijua kabla hajarudi," akasema. "Alipoapa, nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, imebaki paa tu."

Alisema hivyo tu, kana kwamba linta ni sababu. Na labda kwake ilikuwa. Nilimtazama huyu mtu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, aliyekuja birikani kwangu na kuokota brashi bila neno, na nikaelewa kwamba ukurasa wa kwanza wa daftari hili niliandika mtu mmoja tu kumbe walikuwa wawili. Hasira ilipanda. Ilipanda kama zamani, ya moto, na nikaiacha ipande mpaka mwisho, sikuizuia.

"Sina kitu nyumbani," akasema. "Sina mume, sina nyumba, ile imesimama haina paa, mvua inaingia. Naomba msamaha, mdogo wangu."

Mama alikohoa chumbani. Tukasubiri wote wawili mpaka aliponyamaza, kama tulivyofanya utotoni.

"Msamaha sina, dada," nikamwambia. "Kazi ipo. Kesho saa moja. Malori mawili yanaingia, na usichelewe."